Curd, dahi, thayir: ugomvi wa jina kwenye paketi ya maziwa ya mgando

Mwishoni mwa Machi 2023 serikali ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, iligombana hadharani na mamlaka ya chakula ya nchi yake kwa sababu ya maziwa ya mgando. Bei haikuwa tatizo, wala ubora, wala ng'ombe wagonjwa. Waligombania neno la kuchapwa kwenye paketi. Mamlaka hiyo, inayofahamika kwa kifupi cha FSSAI, ilikuwa imevitaka vyama vya ushirika vya wafugaji vya kusini viandike "dahi", neno la Kihindi, kama jina kuu la bidhaa, na jina la wenyeji liwekwe kwenye mabano: mosaru kwa Wakannada wa jimbo jirani la Karnataka, thayir kwa Watamil. Neno la Kiingereza "curd", ambalo paketi hizo zilikuwa zikilitumia miaka yote, lingeshuka cheo.

Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu wakati huo, M.K. Stalin, aliandika Twitter kwamba ulazimishaji wa Kihindi sasa umefika hadi kwenye paketi ya maziwa, na kwamba Kitamil na Kikannada vinasukumwa nyuma katika majimbo ya wenyewe. Ushirika wa maziwa wa jimbo lake, unaouza kwa jina la Aavin, ulikataa kuandika dahi. Hata K. Annamalai, aliyekuwa kiongozi wa jimboni humo wa BJP, chama kinachotawala India yote kwa ujumla wake, na ambaye kwa kawaida hakubaliani na Stalin hata juu ya hali ya hewa, aliomba agizo lifutwe. Tarehe 30 Machi mamlaka ikalegeza kamba. Paketi ziandikwe "curd", ikasema, na mabanoni liingie jina la mahali: dahi, mosaru, thayir, perugu kwa Watelugu, zaamut daud kwa Wakashmiri.

Kabla ya kuendelea, Kihindi ninachokisema hapa ni lugha ya kaskazini iitwayo Hindi. Huku kwetu Afrika Mashariki tumezoea kuviita Kigujarati, Kikachi, Kipunjabi na Kikonkani vyote "Kihindi", kwa kuwa wanaovizungumza tunawaita Wahindi. Mwambie Mtamil wa Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, kwamba anazungumza Kihindi uone atakavyokujibu.

Wachambuzi wengi waliisoma habari hii kama sura nyingine ya vita ya zamani ya lugha, na hawakukosea. Ila kuna jambo la ajabu walilolipita haraka. Watamil, watu wenye fasihi kongwe kuliko mataifa mengi ya Ulaya, waliishia kutetea neno la wakulima wa Uingereza ya zama za kati. Na neno lenyewe ni bovu. Halina umbo moja wala maana moja. Nadhani ubovu huo ndio uliolipa ushindi.

Tuanze na umbo. Kiingereza cha karne ya 14 kiliandika "crud", r ikitangulia irabu, kwa maana ya kitu chochote kilichoganda. Baadaye sauti zikapishana, r ikahamia nyuma ya irabu, tukapata "curd". Ndivyo ilivyotokea kwa jina la ndege, ambalo zamani lilikuwa "brid" na leo ni "bird". Wanaisimu wengi wanalihusisha "crud" na kitenzi cha Kiingereza cha kale, "crudan", chenye maana ya kubana au kusukuma, ambacho ndicho kilichozaa neno la leo la umati wa watu, "crowd". Kiairishi cha kale nacho kina "gruth" kwa maziwa yaliyoganda, jambo linalowafanya baadhi yao wadhani kuna undugu wa mbali. Umbo la zamani halikufa kabisa. Marekani ya karne ya 20 ililifufua "crud" mitaani na kambini likiwa na maana ya uchafu unaong'ang'ania mahali. Kwa hiyo neno linaloheshimika mezani Chennai na neno la uchafu wa kwenye sufuria huko Ohio ni neno lile lile.

Maana yake ndiyo imetapakaa zaidi. Kwa mtengeneza jibini, curd ni yale mabonge yanayobaki baada ya maji kujitenga, kabla hayajabanwa na kutiwa chumvi. Quebec huyamwaga mabonge hayo juu ya viazi vya kukaanga pamoja na mchuzi, wakaita poutine. Kwa Mwingereza mwenye jino tamu kuna "curd" ya limau, ambayo ni mayai, siagi, sukari na maji ya limau yaliyopikwa mpaka yakawa mazito, maziwa hayamo. Tofu inaitwa "curd" ya maharage. Kichwa cheupe cha koliflawa nacho, katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza, kinaitwa curd. Ukiuliza vitu vyote hivi vinakutana wapi, jibu ni moja tu: vilikuwa laini au majimaji, vikashikana. Basi.

Maziwa yenyewe hushikana kwa njia zaidi ya moja, na tofauti hizo si za kitabuni tu. Protini kuu ya maziwa, kaseini, huelea ikiwa vipunje vidogo vinavyosukumana kwa chaji za umeme. Bakteria wa maziwa wakila sukari ya laktosi wanatoa asidi. Asidi ikifikia pH ya karibu 4.6, vipunje vinapoteza chaji, vinakumbatiana, na bakuli zima linakuwa kitu kimoja kinachotikisika. Hiyo ni thayir, ni dahi, ni mala ya Kenya, ni mgando wa Tanzania. Njia nyingine ni kimeng'enya kutoka tumboni mwa ndama, ambacho hukata ncha za vipunje bila kungoja asidi. Hapo ndipo jibini huanzia. Njia ya tatu ni kumimina limau au siki kwenye maziwa ya moto, na Wabengali wakapata chhena ya kutengenezea kitamutamu kiitwacho rasgulla. Mama wa Madurai, muuza jibini wa Wisconsin na mpishi wa Kolkata hawawezi kubadilishana mabakuli yao wakapata chakula kile kile. Kiingereza kinawaambia wote wana curd.

Ukilitazama hivyo, hoja ya kuliondoa neno hili kwenye sheria haikuwa ya kijinga. Kanuni za India za mwaka 2011 zilisema "dahi au curd", zikaeleza kwamba ni maziwa yaliyochemshwa au kupasteurishwa kisha yakachachushwa na bakteria wasio na madhara. Neno "au" lilibeba amani yote. Viwango viliporekebishwa, "curd" ikaondolewa na "dahi" ikabaki peke yake. Mtu wa maabara hawezi kuona ubaya hapo. Dahi ni jina la kitu kimoja, na curd ni jina la vitu kumi. Sheria ya chakula inataka mnunuzi ajue anachonunua, na jina lenye maana moja linamsaidia kuliko jina lenye maana nyingi.

Kasoro ni kwamba dahi ni jina la kitu kimoja kwa anayesema Kihindi, au Kimarathi, au Kibengali chenye doi yake. Majina haya yote yanatoka kwenye "dadhi" ya Kisanskriti, ambayo imo tangu Rigveda, maandiko ya kale ya Kihindu, na ni moja kati ya vitu vitano vinavyochanganywa katika ibada ya Kihindu pamoja na maziwa, samli, asali na sukari. Lugha za kusini si za ukoo huo. Kitamil, Kikannada na Kitelugu ni lugha za Kidravidi, na kila moja ina neno lake lisilo na deni kwa Kisanskriti. Thayir si tafsiri ya dahi. Katika Kuruntokai, mkusanyo wa mashairi ya Kitamil wenye umri wa zaidi ya miaka 1500, kuna shairi la mke kijana anayeponda thayir nzito kwa vidole vyake, anajifutia nguo aliyovaa bila kuifua, moshi wa kukaanga viungo unamwingia machoni, kisha mumewe anakula na kusema ni tamu, naye uso unamng'aa kidogo. Hakuna vita wala mfalme katika shairi hilo. Ni thayir na ndoa changa. Taifa lenye shairi la namna hiyo huwezi kulitumia waraka wa kulifundisha jina la maziwa yake.

Na thayir haijabaki vitabuni. Mlo wa kusini hufungwa kwa wali uliochanganywa na maziwa ya mgando, ukatiwa mbegu za haradali zilizopasuliwa kwenye mafuta, majani ya bizari na pilipili mbichi. Watamil huuita thayir sadam, Wakannada mosaranna. Huliwa nyumbani, hugawiwa mahekaluni, hubebwa safarini kwa kuwa hauharibiki haraka. Mtamil huyo huyo akizungumza Kiingereza, na wengi wanakizungumza, atakwambia "curd rice". Hawezi kusema wali wa yoghurt. Yoghurt, neno lililotoka Uturuki likapitia Ulaya, kwake ni kile kikopo chenye ladha ya stroberi. Kwa maana hii curd ya kusini mwa India imekwishaacha kuwa neno la Waingereza. Imekatwa ukingo, ikabaki na maana moja tu, ile ya bakuli la asidi. Mzungumzaji wa London ndiye atakayehitaji kuelezwa.

Hapa ndipo historia inapoingia, na ni historia yenye damu. Mwaka 1937 serikali ya mkoa wa Madras, ambao Tamil Nadu ya leo ilikuwa sehemu yake, ilifanya Kihindi kuwa somo la lazima shuleni. Maandamano yakadumu mpaka agizo likafutwa mwaka 1940. Katiba ya India, kwa ibara ya 343, ikakipa Kihindi hadhi ya lugha rasmi ya muungano na kukiacha Kiingereza kiendelee kwa miaka 15 tu. Miaka hiyo ilitimia tarehe 26 Januari 1965. Tamil Nadu ikawaka. Wanafunzi walijaa barabarani, watu wengi walikufa, baadhi kwa kujichoma moto. Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri akalazimika kuahidi kwamba Kiingereza kitabaki, na mwaka 1967 sheria ikarekebishwa kuithibitisha ahadi hiyo. Mwaka huo huo chama cha DMK kikaingia madarakani Madras. Stalin ni mwenyekiti wa chama hicho, na baba yake, M. Karunanidhi, aliingia siasa akiwa kijana wa maandamano ya kupinga Kihindi.

Kwa mtu wa kusini, basi, Kiingereza ni ukuta wa jirani ambao hakuujenga yeye lakini unamkinga upepo. Hakipendwi kwa uzuri wake. Kinapendwa kwa sababu si cha mshindani. Kama lugha ya pamoja lazima iwepo, afadhali iwe ile ambayo kila mtu ameijifunza kwa jasho sawa. "Curd" ilishinda mwaka 2023 kwa mantiki ile ile iliyokiokoa Kiingereza mwaka 1965. Haina mwenyewe ndani ya India, na upana wake wa maana, uliomkera mtu wa maabara, ndio uliowaruhusu Wakashmiri, Wapunjabi na Watelugu kuingia wote bila mmoja kuwa mgeni wa mwingine. Neno lenye maana kali zaidi lingekuwa na wenyewe.

Kuna na pesa. Sipendi uchambuzi unaoishia kwenye utambulisho na kusahau nani anauza nini. India inaongoza duniani kwa uzalishaji wa maziwa, zaidi ya tani milioni 200 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya soko la paketi iko mikononi mwa mashirikisho ya vyama vya wafugaji, kila jimbo na lake. Karnataka ina Nandini, Tamil Nadu ina Aavin, Gujarat ina Amul, jitu la magharibi lililoanza mwaka 1946. Mwezi Desemba 2022 Amit Shah wa BJP, waziri wa mambo ya ndani na wa ushirika wa India, alizungumza mjini Mandya, Karnataka, juu ya Amul na Nandini kushirikiana, na wengi wa Karnataka wakasikia kumezwa. Tarehe 5 Aprili 2023, chini ya wiki moja baada ya suala la dahi kutulia, Amul ikatangaza kwamba inakuja kuuza maziwa na mgando Bengaluru, mji mkuu wa Karnataka. Uchaguzi wa jimbo ulikuwa tarehe 10 Mei. Mitandao ilijaa wito wa kuiokoa Nandini, hoteli za mjini zikatangaza zitatumia maziwa yake tu, na chama cha Congress kikashinda viti 135 kati ya 224. Sisemi maziwa ndiyo yaliyoiangusha BJP Karnataka. Ilikuwa na madhambi mengine ya kutosha. Lakini mfugaji mwenye ng'ombe wawili wilayani Mandya alipoona neno la kaskazini linakuja kwenye paketi na kampuni ya Gujarat inakuja sokoni ndani ya majira yale yale, hakuhitaji mchambuzi wa kumwunganishia.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulitazama hili kwa karibu, maana bakuli letu halina jina moja. Mkenya ananunua mala, kifupi cha maziwa lala, yaliyolala usiku yakaganda. Mtanzania ananunua mgando au mtindi, na wengi hawaoni tofauti, ingawa mtindi kwa asili ni kile kinachobaki baada ya kusukasuka na kutoa siagi. (Walevi wetu nao wana mtindi wao, na wakiupiga hakuna ng'ombe anayehusika.) Rwanda wana ikivuguto. Ndugu zetu wa Muscat wananunua laban, neno ambalo Misri ni maziwa mabichi ya kawaida na Ghuba ni ya kuchacha. Fikiria ofisa mmoja wa viwango vya Afrika Mashariki, akiwa na nia njema kabisa ya kurahisisha biashara ya mipakani, aamue kwamba jina halali ni mala na mengine yote yakae mabanoni. Au mtindi, halafu paketi hiyo ipelekwe Eldoret.

Suluhisho rahisi ni kuacha majina huru na kuibana bidhaa kwa vipimo. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha maziwa yaliyochachushwa kinakaribia hapo: kinadai protini isiyopungua asilimia 2.7, bakteria hai wasiopungua milioni 10 kwa gramu, kiasi fulani cha asidi, kisha kinaruhusu majina yaliyozoeleka nchini yatumike ilimradi hayampotoshi mnunuzi. Ninalipenda wazo hilo, ingawa lina tobo. Mursik ya Wakalenjin haitengenezwi na asidi na protini peke yake. Inahitaji kibuyu, sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti kama senetwet, na ndiyo sababu ina rangi ya kijivujivu na harufu ya moshi. Kiwanda kikimimina mala ya kawaida kwenye chupa na kuandika mursik, vipimo vyote vya Codex vitapita na mnunuzi atakuwa ameibiwa. Kwa hiyo kuna majina yanayohitaji ulinzi, yale yanayobeba ufundi wa watu fulani, na kuna majina yanayohitaji uhuru, yale ambayo ni lugha tu. Mamlaka ya India ilichanganya makundi haya mawili. Ililichukua dahi, neno la lugha, ikalitendea kama jina la ufundi, kana kwamba thayir ni kitu kingine kinachoweza kumdanganya mtu.

Na hata baada ya kurudi nyuma haikurekebisha kila kitu. Ukisoma uamuzi wa 30 Machi utaona neno lililotangulia ni curd, na mosaru, perugu na thayir bado zimo mabanoni, pale pale zilipokuwa chini ya dahi. Kilichobadilika ni nani yuko mbele. Watu wa kusini waliukubali mpangilio huo kwa sababu Kiingereza hakiwatishi, na sidhani wamekosea kisiasa. Ila sijaona hoja ya kiafya wala ya kibiashara inayolazimisha paketi inayouzwa Madurai, kwa Mtamil, iwe na jina kuu na jina la mabano. Kanuni ingeweza kuorodhesha majina yote, ikarudisha lile "au" la mwaka 2011 katikati yao, na kusema lolote kati ya hayo linatosha.